Paka wa Nyumba Haingwa



Juma hili tunawaalika mtembee nasi Mji wa Kale wa Mombasa. Hatuendi kutazama milango ya nakshi wala roshani ambazo wageni huja kuzipiga picha. Tunakwenda kumtazama mkaazi mmoja wa mji huu asiyetajwa katika vitabu vya historia, ingawa hakuna baraza ambayo hajailalia. Naye ni paka. Akina mama wengi wametuuliza swali moja baada ya darsa: je, ni kweli kwamba paka hutambua hali ya mwenye nyumba, akiwa na furaha au huzuni, na hutambua mambo ya nyumba yanapobadilika? Sisi tunaongeza la pili: na ikiwa anatambua, anatudai nini?

Tuanzie Ngomeni. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na leo hufunguliwa mlango wageni wakaingia kwa tikiti. Paka wa pale hawangoji tikiti. Alfajiri, wakati ukuta bado una baridi ya usiku, utawaona wamejipanga juu ya mawe kuelekea bahari, kila mmoja na mahali pake. Ukishika Ndia Kuu kuelekea kaskazini utawakuta wengine vizingitini, na ukiingia ile njia iliyopewa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy utafika Msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokezi ya wenyeji ulijengwa mwaka 1570. Hapo, muadhini anapofungua mlango, paka huwa tayari yuko mlangoni. Hakuitwa na mtu, wala adhana haijatolewa. Amesikia nyayo anazozijua, kwa mwendo anaoujua, katika saa anayoijua.

Mbele kidogo ni Bandari ya Kale, ambako zamani majahazi yalifunga kwa msimu wa kaskazi, na karibu yake ni soko la samaki. Mahali hapa pana somo. Wavuvi hawarudi kwa saa ya ukutani. Hurudi kwa maji, na maji kujaa na kupwa husogea kila siku kwa kadiri ya dakika hamsini. Hata hivyo paka huteremka kwa wakati wake. Muulize mchuuzi yeyote wa hapo, atakwambia kwamba hutazama paka kabla ya kutazama bahari. Wanapoinua vichwa na kuelekeza masikio upande mmoja, mashua i karibu.

Wala hakuna muujiza katika hilo. Sikio la binadamu husikia mitetemo ya sauti ifikayo kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Sikio la paka hupanda hata kufika 64,000 hivi, na kila sikio huzunguka peke yake kutafuta sauti ilikotoka. Mnyama huyu amepewa pua ya kutambua harufu ya mtu mmoja mmoja, na ndevu za kuhisi upepo unapogeuka chumbani. Aliyepewa vyombo hivi, kisha akakaa mchana kutwa asiwe na kazi ila kututazama, si ajabu akatujua. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na paka hana hisa ndani yake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba paka mweusi akilia usiku analeta habari ya msiba, au kwamba macho yake yamemwona jini wa nyumba, wanamzulia. Analia kwa sababu zake za kipaka, na sisi tumeamrishwa kuacha itikadi ya mikosi.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, kwa kuwa huko ndiko ujuzi wake unakodhihirika. Nyumba za kale za mji wetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sauti ndani yake husafiri kwa njia zisizobadilika. Kila ngazi ina mlio wake. Komeo la mlango lina mlio wake. Mama akishuka uani kupika, baba akipanda baada ya swala ya ishaa, mtoto akitupa mkoba wake atokapo chuoni, yote haya kwa paka ni kama aya aliyokwisha kuihifadhi. Aya ikisomwa kwa makosa, huinua kichwa.

Jirani yetu mmoja wa Kibokoni alifiwa na mumewe miaka michache iliyopita. Marehemu alikuwa na ada ya kurudi msikitini baada ya ishaa akiwa na kipande cha mshikaki kilichofungwa katika karatasi, na paka wa nyumba alikuwa akimngoja katika kidato cha tatu cha ngazi. Siku za matanga nyumba ilijaa watu, paka akapotea asionekane. Wageni walipotawanyika, akarudi, na usiku ule akakaa kidato cha tatu baada ya ishaa. Akakaa tena usiku wa pili, na wa kumi, na wa ishirini. Mama alikuwa katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, na kila usiku alimwona pale. Kisha ikaja siku ambayo paka hakwenda ngazini. Alikwenda akajilaza pembeni mwa mswala wa yule mama aliyekuwa akilia katika dua yake, akabaki hapo mpaka alipomaliza.

Mama yule alituambia, "Sheikh, watu walikaa nami siku tatu, Mungu awalipe. Huyu amekaa nami eda yote."

Tunaweza kubishana kuhusu nini hasa kilikuwa moyoni mwa mnyama yule. Pengine alifuata joto. Pengine alikosa mshikaki wake, akakata tamaa ya ngazi akatafuta mtu mwingine wa kumtegemea. Pengine sauti ya kilio ilimvuta. Moyo wake anaujua aliyemuumba. Lakini faraja aliyoipata mjane haikuwa ya kudhania, na faraja nayo ni riziki, huletwa kwa mkono autakao Mola. Na kwa wale wanaouliza kuhusu usafi wa mswala: paka ni tohara, na nywele chache zikimwagika husamehewa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi. Kupangusa kunatosha, na hapana haja ya wasiwasi.

Asili ya hukumu hii ni tukio la nyumbani, nalo limepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan. Abu Qatada (r.a.) aliingia kwa mkwewe Kabsha, aliyemtilia maji ya kutawadhia. Akaja paka kutaka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akashiba. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, na kwamba ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Zingatieni sifa hiyo. Hakutajwa kwa sababu ya kuua panya wala kwa uzuri wa manyoya. Ametajwa kwa kuzunguka kwake kati yetu, akitoka na kuingia kama mtu wa nyumba.

Ipo hadithi nyingine isiyotajwa sana mimbarini, nayo imo katika Musnad ya Imam Ahmad kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Anasimulia kwamba nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa na mnyama wa mwituni aliyefugwa. Mtume akitoka, mnyama yule alicheza na kukimbia, akenda na kurudi. Akihisi kwamba Mtume ameingia, hulala akatulia, wala hatikisiki muda wote Mtume akiwa nyumbani, kwa kuchukia kumuudhi. Tazameni, wasomaji wetu: swali ambalo leo watu huliuliza kama kwamba ni jipya, Mama wa Waumini alilishuhudia kwa macho yake ndani ya chumba kidogo cha Madina. Mnyama alijua nani ametoka na nani ameingia, na akageuza mwenendo wake kwa ajili hiyo. Na kutulia kwake hakukuwa kwa hofu ya kupigwa. Bibi Aisha ameeleza kwamba ni kwa kutotaka kuudhi. Tofauti hii tutairudia.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelichunguza jambo hili kwa njia zao. Watafiti wa Milan nchini Italia walichapisha mwaka 2015 uchunguzi ambao ndani yake paka waliingizwa chumbani pamoja na wenyewe, na humo mkawa na feni iliyofungwa tepe zinazopepea, kitu ambacho paka hajapata kukiona. Wengi wao waligeuka kumtazama mwenyewe usoni, kisha wakaitazama feni, kama mtoto anayemtazama mamaye kabla ya kumkaribia mgeni. Mwenye paka akionyesha hofu, paka naye alielekea kutafuta njia ya kutokea. Watafiti wa Tokyo walionyesha mwaka 2019 kwamba paka hulipambanua jina lake na maneno mengine, hata likitamkwa na mtu asiyemjua. Na wale wa Bari, Italia, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka huweza kulinganisha sauti ya hasira na uso wa hasira, na sauti ya furaha na uso wa furaha.

Kisa cha zamani zaidi ni cha farasi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, mzee Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu. Akiulizwa jumla ya hii na hii, hugonga chini kwa kwato mpaka idadi itimie, kisha husimama. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alifichua siri yake. Farasi hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akiutazama uso na mabega ya muulizaji, ambaye idadi ikikaribia kutimia hukaza, na ikitimia hulegea. Na mzee von Osten hakuwa mdanganyifu. Yeye mwenyewe hakujua kwamba mwili wake unasema. Hili ndilo fundisho kubwa la kisa hiki: mnyama huyasoma yale ambayo mwenyewe hujui kwamba unayaandika usoni mwako.

Ama kuhusu mazoea yanapovunjika, uchunguzi mashuhuri ni wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, uliochapishwa mwaka 2011. Paka 32 walitunzwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. 20 walikuwa na maradhi ya kibofu na 12 walikuwa wazima. Walilishwa kwa saa zile zile na kutunzwa na watu wale wale. Kila ratiba ilipovurugwa, kwa kuchelewesha chakula au kubadilisha mtunzaji, hata wale wazima walianza kutapika, kukataa chakula na kujisaidia pasipo mahali pao. Hawakuwa wameshikwa na ugonjwa. Mazoea yao ndiyo yaliyovunjwa.

Wakaazi wa Mji wa Kale hawahitaji kwenda Ohio kuyajua haya. Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ilitangaza kuzuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Misikiti ilikuwa imekwisha fungwa, na mikahawa nayo ikafungwa. Ramadhani ya mji wetu ina ratiba ambayo paka huijua kuliko kalenda: viazi vya karai na bajia alasiri, tende na uji magharibi, watu kumiminika kwenda tarawehe, barazani kahawa tungu, kisha daku. Mwaka ule njia zilinyamaza. Paka wa vidato vya misikiti walikuja wakakaa pale pale kwa saa zile zile, mlango haukufunguliwa. Baada ya siku kadhaa walianza kuja kulia milangoni mwa watu wakati wa futari, na wapo akina mama ambao futari yao wenyewe ilikuwa ya kupimwa, na juu ya hayo waliwatengea paka fungu lao.

Ndani ya nyumba nako, akina mama walitueleza mambo mawili yanayopingana. Wengine walisema paka wao hakubanduka miguuni, kana kwamba anaogopa watu watatoweka tena. Wengine walisema paka alihamia juu ya kabati asishuke, kwa kuwa wanaume waliozoea kutoka alfajiri sasa wako nyumbani mchana kutwa, wana dhiki ya riziki, na sauti zimepanda. Yote mawili ni kweli. Paka hawafanani, kama sisi tusivyofanana, na mabadiliko yale yale humleta mmoja karibu na humkimbiza mwingine. Amri ile iliondolewa mwezi wa Juni, milango ikaanza kufunguliwa, na mji ukarudi katika mwendo wake taratibu.

Tumefika sasa penye uzito wa makala haya. Kila mwisho wa mwezi tunaona mikokoteni na pikapu zikipakia vyombo Kibokoni, Mkanyageni na Bondeni. Aila zinahama. Kodi imepanda, nyumba ya urithi imegawanywa, au vijana wamejenga Kisauni, Bamburi, Mtwapa au Likoni. Vitanda hupakiwa, sufuria hupakiwa, hata kizingiti cha zamani hung'olewa kikapakiwa. Paka huachwa. Wengine humfungia mlango wakaenda zao. Wengine humtia katika gunia wakambwaga Marikiti au soko la samaki, nao husema, "Hapa hatakosa chakula."

Hoja hii ina sura ya huruma, nasi tuipime. Paka aliyezaliwa sokoni ana mji wake ndani ya soko, anajua pa kujificha na nani wa kumkwepa. Paka aliyelelewa kwa mkono hajui hayo. Akitupwa pale huwa mgeni mbele ya wenyeji wenye makucha, hana lindo, na wakati mwingine hujificha chini ya meza asithubutu kuufikia utumbo wa samaki ulio mbele yake. Sote tunaijua hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie katika wadudu wa ardhini. Asije mtu akasema, "Mimi sikumfungia, nimemwachia." Aliyemlea kiumbe mpaka akasahau kujitafutia, kisha akamwacha asipopajua, na ajiulize kama amemfungulia mlango au ameufunga.

Wazee wetu walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Watu hulifasiri neno hili kwa kinyumbani, yaani mtu wa aila hafukuzwi kwa kosa dogo. Lakini tafsiri yake ya mwanzo ni hiyo hiyo iliyo dhahiri: paka wa nyumba hafukuzwi. Aliyelisema alikuwa na paka.

Basi kwa aila zinazohama, haya ndiyo yanayofaa. Siku ya kupakia vyombo, mfungieni paka mapema katika chumba kimoja tulivu pamoja na maji yake, msije mkamtafuta gari likipiga honi. Msafirisheni ndani ya kikapu au sanduku lenye tundu za hewa, si gunia. Mkifika, mwekeni tena katika chumba kimoja, mkimtandikia kitambaa kisichofuliwa chenye harufu ya nyumba ya zamani, na bakuli lile lile alilolizoea. Mlisheni kwa saa zile zile, na mtu yule yule amlishe. Msimtoe nje kwa juma mbili au tatu, mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwao. Akitoka mapema, wengi hujaribu kurudi walikotoka, na njia ya Nyali haina huruma kwa mwenye miguu minne. Akijificha siku ya kwanza mwacheni, msimvute kwa mguu. Lakini akikataa chakula kwa siku mbili, au akilamba manyoya mpaka ngozi ikaonekana, au akienda kukojoa mara kwa mara bila kutoka kitu, mpelekeni kwa daktari wa wanyama, kwa kuwa paka asiyekula huharibika ini kwa haraka, na dume lililozibika mkojo huweza kufa kwa muda mfupi. Apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia. Na mama mjamzito asisafishe kinyesi chake; kazi hiyo na ifanywe na mwingine, kwa kuwa kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kama hapana budi kumwacha, basi mkabidhini kwa jirani anayemjua, kwa maneno ya wazi na kwa ridhaa yake, kama mnavyokabidhi amana.

Limebaki neno moja, nalo linahusu wanaobaki nyumbani.

Katika shughuli za suluhu, mama mmoja alitujia kwa shauri. Hakuwa na alama ya kupigwa, wala hakudai talaka. Tulipomtaka aeleze shida, alikaa kimya sana, kisha akasema, "Sheikh, hata paka hujua. Ufunguo ukilia mlangoni jioni, hukimbilia chini ya kitanda. Na siku hizi watoto wangu wawili humfuata."

Tulimwita mume. Alikuwa mtu wa swala, mchumi wa nyumba yake, na alikuja amejiandaa kujitetea kuhusu matumizi. Hatukumsomea kitabu. Tulimuuliza swali moja tu: uingiapo nyumbani, paka hufanya nini? Akaliona swali la upuuzi, akacheka. Tukamwomba atazame kwa juma moja, kisha arudi.

Alirudi. Hakucheka tena. Alisema, "Nimeona," akanyamaza. Kisha akaeleza kwamba kazini kwake mambo yamekuwa mabaya kwa muda mrefu, na kwamba alidhani ameyaacha langoni, maana hakuwa akiyataja nyumbani. Hakujua kwamba huyapandisha ngazini kwa mshindo wa viatu vyake, na kwa namna anavyosukuma mlango, na kwa salamu ambayo hakuitoa. Kama mzee wa Berlin, mwili wake ulisema naye hakuusikia.

Hatusemi kwamba paka ni shahidi katika sheria. Paka hukimbia mgeni, hukimbia mvua ya mawe, hukimbia mfuko wa plastiki. Lakini watoto walipoanza kumfuata, jambo halikuwa la paka tena. Mume yule hatukumpa dawa ngumu. Qur'ani katika Sura ya Nur imetuelekeza kwamba tuingiapo majumbani tuwatolee salamu waliomo, salamu yenye baraka kutoka kwa Mola. Tulimwambia asimame chini ya ngazi kiasi cha kusoma Ikhlasi mara tatu, avue viatu pale pale, kisha apande na atoe salamu kwa sauti ya kusikika kabla ya kuuliza lolote. Mama alituletea habari baada ya muda. Watoto walirudi kwa baba yao upesi, mtoto ana moyo wa kusamehe. Paka alichukua miezi kadhaa, na hata sasa hukaa penye mlango wa chumba, mahali ambapo anaweza kuona ngazi.

Tulisema tutairudia tofauti ile. Katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) mnyama alitulia bwana wa nyumba alipoingia. Katika nyumba nyingi mnyama huwa kimya bwana wa nyumba anapoingia. Kwa mpita njia vimya viwili hivyo hufanana. Walio ndani ndio wajuao kipi ni cha mapenzi na kipi ni cha hofu, na wa kwanza kukijua, mara nyingi, ni yule asiyeweza kukisema. Na akina mama nao tunawakumbusha kwa upole: yapo majumba ambayo mshindo unaokimbiza paka ni wa sufuria jikoni, na watoto wanaohesabu milio yake kabla ya kuthubutu kuomba chai.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kuuliza kama chakula ki tayari, mtazameni paka wenu mnapoingia. Na wale wanaopakia vyombo mwisho wa mwezi huu, wahesabu watu wao wote kabla gari halijaondoka, wenye miguu miwili na wenye miguu minne.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu kwa kila anayezunguka ndani yake, awarehemu waliotutangulia, na atuhesabu miongoni mwa wanaotunza amana. Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullah.